Eka tatu za babu: mikarafuu ilikauka, nikachanganya migomba, mbaazi, gilirisidia na ng'ombe mmoja (Pemba)

Kidaka

Asalaam alaykum wanajukwaa.

Uzi huu niliuahidi tangu mwezi wa Ramadhani, kila siku nasema kesho. Leo mvua imenifungia ndani, ng'ombe keshakula, simu ina chaji. Naandika kwa mafungu maana ni mrefu. Mwenye swali aulize katikati, sikasiriki kukatizwa.

Shamba liko upande wa Wete, kwenye mteremko unaoshukia bonde la mpunga. Ni zile eka tatu za mgao wa baada ya Mapinduzi, alipewa babu mzaa mama. Udongo ni kinongo, mwekundu, ukilowa unang'ang'ania kiatu. Nililipokea mwaka 2018 likiwa limechoka: mikarafuu mikongwe, karibu thuluthi imekauka wima, minazi mirefu isiyozaa cha maana, mifenesi miwili, mwembe mmoja na kichaka. Kila niliyekutana naye ana ushauri. Fyeka yote utie muhogo. Fyeka yote utie mikarafuu mipya. "Fyeka" ilikuwa haikosekani.

Nikafyeka. Nusu eka ya juu niliisafisha ikabaki kama kichwa cha mtoto aliyetoka arubaini. Nikachukua miche mia ya mikarafuu, nikaipanda masika, safu zimenyooka mpaka watu wakipita njiani wanasimama kutazama. Masika yakapita salama, kipupwe nacho kikapita. Ilipoingia kaskazi, lile jua la Januari, miche ikaanza kuungua ncha, majani yakawa rangi ya tumbaku. Ilibaki tisa. Nikawalaumu watu wa kitalu wiki nzima kwamba wamenipa miche mibovu.

Bi mkubwa wangu alikuja akatazama, hakusema neno mpaka tuko njiani tunarudi. Ndo akaniuliza: "Nani kakwambia mkarafuu hupandwa uchi?" Kumbe wao kila mche walikuwa wakiuchomekea makuti mawili matatu kuukinga na jua, au wanaupanda ubavuni mwa mgomba. Mkarafuu mchanga hauwezi jua kali; ukishakuwa mkubwa ndo unalitaka lote. Hili kila mzee Pemba analijua. Mimi nilikuwa Dar nauza vipuri vya pikipiki.

Kidaka

Fungu la pili. Safari hii kivuli kwanza, mkarafuu baadaye.

Vuli nilichimba mashimo ya mikarafuu, hatua nane kwa nane. Sikupanda kitu ndani, nikayajaza samadi na majani makavu yaoze taratibu. Upande wa magharibi wa kila shimo, hatua mbili, nikatia mgomba, maana jua linaloua ni la alasiri. Pande zilizobaki nikatia mbaazi, vishimo vitatu vitatu. Zikaota na mvua za vuli, na masika yalipofika zilikuwa zimenipita kichwa. Hapo ndipo nikaleta miche.

Kaskazi iliyofuata nilipoteza miche saba katika themanini.

Mbaazi tulizila kwa nazi na mandazi, nyingine nikauza, na baada ya mwaka wa pili nikazikata chini kabisa bila kuzing'oa. Mizizi ile ina vijinundu vinavyotega naitrojeni ya hewani, iache iozee mle mle. Majani nikayatandaza mashinani. Migomba nimeanza kuipunguza mwaka wa nne, mmoja mmoja, nikianza na ile iliyokuwa ikigusana na matawi ya mikarafuu.

Muhogo nao hutia kivuli, na wengi ndo wanaoutumia. Tabu yake ni siku ya kuung'oa: unachimbua pamoja na mizizi ya mkarafuu, halafu unashangaa mche unanyong'onyea. Mimi wangu nauweka nje ya safu.

Ya ng'ombe naja nayo, adhana hiyo.

Tungule_Tu

Kaka hongera, lakini tuambiane ukweli. Mseto mseto, huku kuchanganya miti, mazao na mifugo, hizi habari za semina, posho na kofia. Mimi niko Unguja, nina pampu na eka moja ya tungule, yaani nyanya, miezi mitatu nishauza. Wewe mkarafuu uusubiri miaka sita, saba, halafu nao una miaka yake: mwaka huu unajaa, mwaka ujao unakununia. Watoto wale kivuli?

Kidaka

Shekhe hujakosea sana. Miaka ya mwanzo kilichotusitiri ni ndizi. Na ukinihesabia jasho langu kama kibarua wa kulipwa, miaka mitatu nilikuwa kwenye hasara, sitakudanganya.

Lakini tungule na mimi nilizipanda, vuli moja. Ulipita mnyauko, Ijumaa mimea imesimama, Jumatatu imelala, nikabaki na vijiti vya kuegemezea. Wiki ile ile nilikata mikungu minne ya ndizi mkono wa tembo. Wewe una pampu na soko la mjini liko karibu. Mimi nina mteremko na ngalawa ya watu wengine. Hatulimi shamba moja.

Bwana Shamba Mstaafu

Mwanangu Kidaka, umeandika vizuri, niruhusu nirekebishe na kuongeza.

Mikarafuu yako mikongwe iliyokauka wima, kama majani yaligeuka manjano na mti ukafa kwa muda mfupi ukiwa mzima mzima, huo ni ugonjwa tuliouita kifo cha ghafla. Ni kuvu, jina lake Valsa eugeniae, hushika mizizi, na hupenda miti mikubwa. Kama mti ulikufa tawi moja moja kutoka juu, huo ni mwingine, na mlango wake ni kidonda: panga la mfyekaji, tawi lililovunjwa na mchumaji mwenye haraka. Kwa hiyo usipande mche kwenye shimo la mti uliokufa, sogea kando. Na umwambie kijana wako wa kufyeka asikaribie shina na panga. Hapo penye shina palia kwa mkono.

Mgomba uliouweka hatua mbili ni sawa maadamu unaupunguza machipukizi. Ukiuacha utoe watoto kumi, kaskazi utakunywa maji yote na mkarafuu utautazama tu. Acha mama, mtoto na mjukuu, basi.

Na kijana wa tungule nisimwache. Karne ya 19 Unguja ndiyo iliyokuwa kisiwa cha karafuu zaidi ya Pemba. Kikaja kimbunga cha 1872 kikalala na mikarafuu na minazi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba. Wale mabwana walikuwa wameweka kila kitu kwenye mti mmoja, na mkarafuu hauoti upya kwa mwaka.

Tungule_Tu

Mzee wangu nakuheshimu, lakini kimbunga kile kingekuta na mseto kingeulaza vile vile.

Bwana Shamba Mstaafu

Kingeulaza. Ila muhogo, viazi vikuu na majimbi viko chini ya ardhi, na mgomba unachipua tena kwenye tunguu. Mkarafuu unasubiri mpaka mwanao aoe.

Kidaka

Fungu la tatu, ng'ombe.

Ni mmoja, jike wa kienyeji, nundu na yote. Wa kisasa nilimwogopa, maziwa mengi lakini ndigana, ugonjwa wa kupe, ikimshika unauza shamba ununue dawa. Mwanzo nilikuwa nikimfunga kamba kwenye minazi kama watu wote, leo mnazi huu, kesho ule. Kuna hekima ndani yake: kila mnazi unapata zamu ya mbolea, na majani chini yake yanaliwa badala ya kufyekwa. Mizizi mingi ya mnazi haiendi mbali na shina, hatua mbili hivi, kwa hiyo kinachodondoka pale pale kinalika pale pale.

Usiku mmoja akang'oa kigingi. Hakula mikarafuu, alitembea tu na kujikuna. Miche kumi na moja ikalala. Tangu siku hiyo ana banda: nguzo za mikarafuu iliyokauka, paa la makuti, chini mawe yaliyopangwa kwa mteremko, mkojo unashuka kwenye shimo la samadi. Kamba inatoka mchana tu, tena minazini, kwenye mikarafuu michanga hafiki.

Sasa akiwa bandani anakula nini? Hapo ndo gilirisidia, mti wa ua na malisho. Nilipata fimbo za mpakani kwa mtu: unene wa mkono, urefu mpaka kifuani, juu zimekatwa mshazari maji yasitulie. Nikazichomeka mpakani kote mvua zilipoanza. Zikachipua karibu zote, zikawa ua, zikawa malisho, na baadhi nimezipandishia pilipili manga. Mvua zikiwepo nakata matawi kila baada ya miezi miwili, mitatu. Jua likikaza nayaacha.

Siku ya kwanza nilimpelekea mabichi. Akanusa, akapiga chafya, akageuza shingo. Siku nne hivyo hivyo, majani yanaozea mbele yake. Jirani ndo akanifundisha: kata jioni, tandaza chini ya paa yanyauke mpaka asubuhi ile harufu ipungue, kisha nyunyiza maji ya chumvi, changanya na majani ya tembo. Siku ya tano akala, sasa akiniona na mzigo analia. Simpi mzigo mtupu wa gilirisidia, ni kama thuluthi. Kilichobaki majani ya tembo, maganda ya ndizi, na mgomba uliokwisha kukatwa mkungu naukatakata vipande namtilia. Maji matupu yale lakini kaskazi yanamsaidia.

Jina la mti huu, wanaojua Kilatini wanasema maana yake ni muua panya. Panya wangu bado wapo.

Mpemba_wa_Kati

Mngekuwa na dume tungelipeleka kwenye mchezo wa ng'ombe, likirudi lishajua adabu halijikuni kwenye miche ya watu 😂

Bwana Shamba Mstaafu

Nyongeza ndogo. Wapo wanaopanda lusina kwa malisho. Nzuri, lakini ina sumu kidogo, isizidi thuluthi ya chakula cha ng'ombe, na mbegu zake huzagaa kila pahala, utakuja kuzing'oa kwenye bonde la mpunga. Gilirisidia haikusumbui hivyo.

Bi Konde

Wanangu, mimi si mwandishi, mjukuu ndo ananiandikia. Mbona hamsemi maji moto, wale siafu wa mitini? Minazi ya siku hizi inapukutisha vidaka, nazi changa, watu wanasema jini. Zamani tuliona mnazi wenye maji moto unazaa, usio na maji moto unapukutisha. Na maji moto huwapati kwenye minazi mitupu, wanataka mwembe, mchungwa, mkarafuu, wapate majani mapana ya kushonea viota. Tulikuwa tukikata kiota tukakifunga mnazini, na tunaunganisha mti na mti kwa ufito wapite.

Bwana Shamba Mstaafu

Bi Konde, allah akuweke. Hayo uliyosema yamefanyiwa utafiti hapa hapa Zanzibar miaka ya 1950. Kuna mdudu mwenye mdomo kama sindano, anakichoma kidaka, kinatoa utomvu, kinadondoka kabla hakijawa kitale. Jina lake la kitaalamu ni Pseudotheraptus wayi, hilo wayi ni la mtaalamu M. J. Way aliyewachunguza siafu hawa wa mitini. Maji moto wanamfukuza. Na adui wao ni chungu, yaani sisimizi, wadogo wa ardhini wenye vichwa vikubwa, wakitawala shina, maji moto hawashuki wala hawapandi. Kwa hiyo shamba la minazi mitupu, chini kweupe, linawakosa maji moto. Ukichanganya miti wanakaa.

Kidaka

Hili sikulijua, wallahi. Ila mzee kuna tatizo moja. Msimu uliopita wachumaji wamekataa mikarafuu yangu mitatu kwa ajili ya hao hao maji moto. Kijana kapanda, kateremka kama anaangushwa, shati kalitupa kule. Analipwa kwa pishi, kwa nini ahangaike na mti unaomng'ata wakati wa jirani upo?

Bi Konde

Majivu. Jipake mikono na shingo, na utie shinani. Hawashiki kwenye majivu. Na mchume alfajiri na baridi, wakali wanakuwa mchana.

Mweni_Maweni

Nyote mnaongelea kinongo. Sisi wa Jambiani tusemeje? Huku ni maweni, udongo uko kwenye vishimo vya jiwe, jembe linatoa cheche. Nikipanda mgomba nauona unadumaa mpaka unanitia huruma.

Kidaka

Kwa maweni mimi si wa kukushauri. Mzee?

Bwana Shamba Mstaafu

Huko usiige Wete. Mkarafuu usahau. Mbaazi zinakubali, mpapai ukiupatia kishimo chenye udongo unakubali, mvinje unakubali kwa nguzo na kuni. Lakini mvinje upande pembeni, maana chini yake vile vijiti vyake vinatandika mkeka na hakuna kinachoota. Mkesia vile vile, watu wanaulalamikia kwa kunywa maji. Mbuzi wako wafunge, wasitembee. Kila kishimo kitie samadi ya mbuzi na majani, ukifunike na mawe madogo kisikauke. Jiwe lile lile linalokutesa ndilo litakalokuhifadhia unyevu.

Mweni_Maweni

Mbuzi ninao wanane na wanatembea. Hapo ndo kazi ilipo.

Kidaka

Mbuzi mimi sina na sitaki. Ng'ombe anakanyaga, mbuzi anabambua gome. Mti ukibambuliwa gome ukazungukwa, umekufa, hata kama majani yatakaa mwezi. Mbuzi wa jirani aliniulia mdalasini wa miaka mitatu kwa asubuhi moja. Tulifika mpaka kwa sheha, kiongozi wa shehia yetu. Sasa tunasalimiana, lakini si kama zamani.

Niseme na kosa langu jingine kabla sijasahau, maana hapa watu wanasifu tu. Samadi ya kwanza niliilundika chini ya minazi michanga, nikaiacha miezi minne nikingoja ioze. Siku ya kuichota nikakuta funza weupe, wanene kama kidole gumba, wamejikunja. Watoto wa chonga, mbawakavu anayetoboa minazi. Nilikuwa nimewafugia nyumba nzuri kabisa. Minazi mitano michanga tayari makuti yake mapya yanafunguka yamekatwa kama mkasi umepita, na mmoja umekufa moyo. Sasa lundo liko mbali na minazi, nalipindua kila wiki, kuku wananisubiri pale kama wameitwa karamu. Na magogo ya minazi iliyoanguka nimeyapasua kuni yote, chonga huzaliana humo pia.

AzimaKonde

Kaka Kidaka, nimesoma yote mara mbili. Swali langu si la kitaalamu. Mimi konde nimeazima, mwenyewe yuko mjini. Masharti ni yale yale ya siku zote: panda muhogo, panda viazi, panda mahindi, mti usiweke. Anaogopa nikipanda mti nitadai, na siku barabara ikipita nitalipwa fidia ya vipando mimi. Mseto nitaufanyaje bila mti?

Kidaka

Umegusa penyewe. Huku kwetu ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Mnazi wa shangazi kwenye kiwanja cha mjomba, nani hajauona? Ndo maana mtu anakuazima ardhi kwa roho safi lakini mti wa miaka hamsini anaushtukia. Hana ubaya.

Anza na mbaazi. Haihesabiwi mti na mtu yeyote mwenye akili, inakaa miaka miwili, mitatu, na udongo unauacha bora kuliko ulivyoukuta. Chini yake manjano na tangawizi vinavumilia kivuli. Kuhusu gilirisidia, muombe kwa neno la "ua", kwamba unazungushia konde lake mbuzi wasiingie. Na ni kweli.

Bwana Shamba Mstaafu

Na muandikishane. Karatasi moja kwa sheha: miti yote ya ua ni mali ya mwenye shamba, wewe una haki ya kukata majani kwa muda wa kuazima. Nimeona kesi nyingi za miti kazini kwangu, na karibu zote zilianza na watu waliopendana wakaona aibu kuandikiana.

Tungule_Tu

Swali: pilipili manga uliyopandisha kwenye gilirisidia imeshazaa?

Kidaka

Mwaka wa tatu imeanza. Kidogo, ya kugawa na kuuza kilo chache. Uzuri wake unaiuza kwa umtakaye, si kama karafuu ambayo mnunuzi ni ZSTC, shirika la biashara la serikali, peke yake. Kosa nililofanya: nilikata majani ya gilirisidia kwa ng'ombe mpaka nguzo zikabaki kipara katikati ya kaskazi, pilipili ikaungua upande mmoja. Mti huo huo nimeupa kazi mbili zinazogombana. Sasa nguzo zenye pilipili sizikati majani ila mvua ikiwepo, za ng'ombe ni zile za chini bondeni.

Vanila nimejaribu mashina sita. Ua linafunguka asubuhi, mchana limefunga, na huku hakuna mdudu wa kulichavusha, mpaka wewe na kijiti chako. Nikienda msibani siku ya maua, basi. Imebaki mashina mawili kama pambo.

AzimaKonde

Nimempigia mwenye konde jana usiku. Ua amekubali, karatasi amekubali. Mbaazi kacheka, kasema panda mpaka uchoke. Mgomba kakataa.

Kidaka

Mgomba mwache, utauzungumza msimu ujao ukimpelekea mbaazi zake. Fimbo ninazo. Njoo Jumamosi asubuhi na panga lako na magunia mawili, uyaloweshe huko huko kisimani. Zikikatwa zisilale juani, na ukifika nazo uzichomeke siku ile ile, mvua hii isikupite.